Mti Gani Huu? Wasomaji Waulizia Matangazo ya Zamani ya Runinga ya Japani

Katika toleo lililopita niligusia, kwa aya moja tu, nyimbo za matangazo ya biashara nilizozizoea nilipokuwa mwanafunzi Osaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikadhani habari imekwisha. Barua zilizofika baada ya hapo zimenionyesha kwamba haijaisha hata kidogo. Nimeona safu yote ya mwezi huu niwaachie waulizaji hao, na kwa kuwa baadhi ya barua zilikuwa ndefu, nimezifupisha bila kugusa swali lenyewe.

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni Mtanzania ninayesoma Nagoya, nami nimepanga chumba kwa bibi mmoja wa miaka sabini na kitu. Kila anapoosha vyombo huimba wimbo unaouliza huu ni mti gani, nikadhani ni wimbo wa watoto. Nilipomuuliza alicheka, akasema ni tangazo la vifaa vya umeme, kisha machozi yakamlengalenga. Naomba unieleze mti huo ni upi, na inakuwaje mtu mzima alizwe na tangazo. (Msomaji, Nagoya)

JIBU: Ndugu yangu, mti huo upo kweli, una mizizi na kivuli, ila haupo Japani. Umesimama katika bustani ya Moanalua, kisiwani Oahu, Hawaii. Urefu wake ni kama mita 25, shina lake lina mzingo wa mita 7 hivi, na matawi yake yametanda upana wa mita 40 kwa umbo la mwavuli uliofunguliwa barabara, kiasi kwamba ukiutazama kwa mbali unaweza kudhani kuna fundi aliyeupunguza kwa mkasi. Wimbo ulitungwa mwaka 1973 kwa ajili ya kampuni ya Hitachi, maneno yakiwa ya Itō Akira na muziki wa Kobayashi Asei. Mwanzoni uliambatana na mti wa kuchorwa. Mti wa Hawaii uliingia mwaka 1975, na tangu hapo Wajapani wengi huuita mti wa Hitachi, kana kwamba kampuni ndiyo iliyoupanda.

Maneno ya wimbo hayasifu jokofu wala feni. Yanauliza tu kuhusu mti usiojulikana jina, ambao bila shaka utachanua maua ambayo hayajapata kuonekana. Waimbaji wakiendelea, majina ya kampuni za kundi la Hitachi hupanda kwenye kioo moja baada ya jingine, msururu mrefu. Katika nyumba niliyokuwa nikialikwa siku za Jumamosi kulikuwa na mtoto wa darasa la tatu aliyejaribu kuyasoma yote kwa sauti kabla hayajapotea. Alishindwa kila wiki, na kila wiki baba yake alimwambia kwamba safari ijayo atayamaliza.

Sasa tuje kwenye machozi. Ukimsikiliza bibi yako vizuri, huenda utamsikia akitamka neno natsukashii. Watu hulifasiri harakaharaka kuwa ni hamu ya mambo yaliyopita, lakini limetokana na kitenzi natsuku, yaani kumzoea mtu hadi kumganda, kama mtoto anavyomzoea mgeni akaacha kujificha nyuma ya kanga ya mama yake. Kwa hiyo anayelitamka si lazima awe anadai kwamba zamani zilikuwa bora. Anachosema ni kwamba kitu hiki na yeye walizoeana. Piga hesabu mwenyewe. Mwaka 1973 bibi huyo alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi. Mwaka 1986, kipindi cha Sekai Fushigi Hakken! kilipoanza kurushwa na kituo cha runinga cha TBS kila Jumamosi saa tatu usiku kwa udhamini wa Hitachi, yumkini alikuwa na watoto wadogo, na pengine mume akirudi kazini amechoka. Runinga ilikuwa moja, sebuleni, na wote walikaa upande mmoja wa meza ili waione. Familia za wakati ule zilipiga picha harusi, mahafali na safari za mlimani, lakini hakuna aliyempiga mwenzake picha akiwa amekaa tu anatazama runinga huku akimenya chungwa. Jioni hizo za kawaida, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi kuliko zote, hazikubakiza alama isipokuwa wimbo uliorudiwa mamia ya mara saa ileile, watu wale wale wakiwapo. Naamini hicho ndicho bibi yako anachokiimba penye karo la vyombo, na ndiyo maana mti haumhusu sana.

SWALI: Nimewahi kusoma kwamba tangazo la kwanza kabisa la runinga nchini Japani liliharibika. Je, ni kweli? Na nyimbo hizi za matangazo nani alizianza? (Mzee wa miaka 78, Mombasa)

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Shirika la umma, NHK, lilianza kurusha picha tarehe 1 Februari 1953 likiwa na wateja 866 tu waliojiandikisha, nalo halikuchukua matangazo ya biashara. Kituo cha kwanza cha binafsi, Nippon Television, kilifunguliwa tarehe 28 Agosti mwaka huohuo, na siku hiyohiyo ikarusha tangazo la saa za Seikosha lililotaja majira ya saa sita mchana. Husimuliwa kwamba filamu iliwekwa kinyume kwenye mtambo, jambo zima likavurugika, hata ikabidi wangoje zamu ya jioni ndipo tangazo litoke sawasawa. Katika filamu hiyo kuna kuku wa katuni anayeijaza saa ufunguo. Kwa kuwa watu waliokuwa na runinga nyumbani walikuwa wachache mno, kituo kiliweka runinga viwanjani na mbele ya stesheni kama Shimbashi, Tokyo, na umati ulisimama usiku kumtazama mwanamieleka Rikidōzan. Maana yake ni kwamba Wajapani wa kwanza kuzoea matangazo waliyatazama wamesimama, bega kwa bega na watu wasiowajua.

Nyimbo zilitangulia runinga. Mtunzi Miki Torirō alitunga mwaka 1951, kwa ajili ya redio, wimbo wa mpiga picha wa kujifurahisha ambaye picha zake hazitoki vizuri. Mdhamini alikuwa mtengenezaji wa filamu za kamera, na jina la bidhaa halikutajwa ndani ya wimbo. Huo ndio unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake, na naona ndio uliowafunza waliofuata kwamba wimbo wa tangazo unaweza kupendwa kwa ajili yake wenyewe.

Nina jambo moja zaidi kwa ajili yako, kwa kuwa unaishi jirani na Ngome ya Yesu. Kuna keki ya Nagasaki iitwayo kasutera, ambayo Wajapani waliipata kwa Wareno katika karne ya 16, wakati uleule Wareno walipokuwa wakituachia sisi maneno meza, leso na mvinyo. Duka la Bunmeidō, lililoanzishwa Nagasaki mwaka 1900, liliitangaza keki hiyo kwa wanasesere wa dubu waliopanga mstari na kurusha miguu juu kwa muziki wa Offenbach. Wimbo wake unahesabu: kasutera ni ya kwanza, simu ni namba mbili, na kitafunio cha saa tatu ni cha Bunmeidō. Nilipojaribu kuwatafsiria ndugu zangu nyumbani hesabu ilikatika, kwa sababu saa tatu yao ya mchana kwetu ni saa tisa, na wimbo ukaruka kutoka mbili hadi tisa. Kila Mjapani wa rika langu niliyekutana naye aliuimba wote bila kusita.

SWALI: Babu yangu alilima pareto Molo, naye alipenda kusema kwamba Wajapani ndio waliotuachia soko la dawa ya mbu. Je, kuna ukweli, na je, walikuwa na tangazo lake? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Babu yako alijua anachosema. Ueyama Eiichirō wa Wakayama alipata mbegu za pareto, ua linaloua wadudu, kutoka kwa Mmarekani mwaka 1886, akawahimiza wakulima wazipande, na mwaka 1890 akatengeneza vijiti vya kufukiza. Vijiti viliisha upesi mno, havikufika usiku wa manane. Mkewe, Yuki, ndiye aliyetoa wazo la kuvizungusha kama nyoka aliyejikunja, na koili ya mbu tunayoijua ikaingia sokoni mwaka 1902. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Japani iliongoza duniani kwa kilimo cha pareto. Vita vilipokata biashara hiyo, Kenya ikashika nafasi yake, na mashamba ya akina babu yako yakanawiri.

Tangazo lilikuwapo, tena ni miongoni mwa yale yanayokumbukwa zaidi. Chapa ni Kincho, yenye picha ya jogoo, na maneno yake yanasema kwa ufupi: majira ya joto ya Kincho, majira ya joto ya Japani. Mwimbaji Misora Hibari alionekana humo akiwa amevaa kimono chepesi cha kiangazi, na fataki zikapasuka angani usiku. Runinga haina harufu, hilo tunalijua sote, lakini Wajapani waliokulia kijijini huniambia kwamba wakiliona tangazo lile husikia moshi wa koili, baraza la mbao, na tikiti maji lililopozwa kisimani. Wewe wa Nakuru pengine ungesikia harufu ya maua yaliyoanikwa.

SWALI: Ndugu mwandishi, sikubaliani na shauku hii. Tangazo ni maneno ya mfanyabiashara anayetaka pesa zako, na nasikia mengi ya hayo yanayosifiwa yalikuwa ya pombe. Tunayalilia ya nini? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Ndugu yangu, pingamizi lako ni la haki, na sitalikwepa. Ni kweli kwamba kampuni za pombe zilikuwa na pesa nyingi, na kwa pesa hizo ziliajiri kalamu bora za nchi. Idara ya matangazo ya Kotobukiya, ambayo leo ni Suntory, ilikuwa na Kaikō Takeshi, aliyepata Tuzo ya Akutagawa, na Yamaguchi Hitomi, aliyepata Tuzo ya Naoki, ambazo ndizo tuzo mbili kubwa za fasihi nchini humo. Mchoraji Yanagihara Ryōhei aliwachorea mzee mfupi wa kichwa kikubwa, Uncle Torys, ambaye tangu mwaka 1958 alikuwa akinywa wiski kwenye runinga na uso wake ukibadilika rangi taratibu kuanzia kidevuni.

Mwaka 1961 Yamaguchi aliandika maneno yaliyowaalika watu wanywe Torys, wiski ya kampuni hiyo, kisha waende Hawaii. Ili uelewe uzito wake inakubidi ujue kwamba wakati huo Mjapani wa kawaida hakuruhusiwa kusafiri nje kwa matembezi. Ruhusa ilikuja tarehe 1 Aprili 1964. Tangazo hilo liliambatana na bahati nasibu ya safari hiyo, na washindi wake hawakupewa tiketi, bali hati za akiba ya benki za kungojea siku ambayo mlango ungefunguliwa. Mtu aliyekuwa kijana mwaka ule akiyakumbuka maneno hayo leo, simwoni kama analilia wiski. Anaikumbuka nchi iliyotoka vitani miaka 16 tu iliyopita, iliyokuwa imeambiwa kwamba upo ufuko wa bahari unaoweza kuufikia.

Tena wapo wanaokumbuka kwa uchungu, na hao ningependa uwasikilize zaidi. Mwaka 1989 kinywaji cha kutia nguvu kiitwacho Regain kilitangazwa na mwigizaji Tokitō Saburō akiwa amevaa suti, na swali lake likaenea nchi nzima: je, unaweza kupambana saa 24? Watu waliliimba kwa furaha kwenye sherehe za ofisini. Lakini mwaka mmoja nyuma yake, 1988, mawakili walikuwa wamefungua laini ya simu kwa ajili ya familia zilizopoteza watu kwa kufanya kazi kupita kiasi, jambo ambalo Wajapani huliita karoshi. Nilimfahamu mzee mmoja aliyestaafu ambaye wimbo ule ukipigwa alikuwa akiinuka na kwenda kusimama uani. Hakuwahi kunieleza sababu, nami sikumuuliza. Yeye naye alikuwa amezoeana na tangazo hilo, kwa njia yake.

Kuna pia yaliyouza kitu kizuri kwa njia nzuri, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu napapenda. Kampuni ya reli ya JR Tokai, kati ya mwaka 1988 na 1992, ilitengeneza kila Desemba tangazo la treni ya mwendo kasi likionyesha wapenzi wanaoishi miji tofauti wakikutana stesheni mkesha wa Krismasi. Lile la mwaka 1989, lililochezwa na msichana Makise Riho, lilipigwa stesheni ya Nagoya: anakimbia katikati ya abiria amekumbatia zawadi, anamwona anayemngoja akija, kisha badala ya kumwendea anajibanza nyuma ya nguzo ili apate pumzi. Treni yenyewe karibu huioni. Wimbo ni wa Yamashita Tatsurō, uliotoka mwaka 1983 na usitambe sana, ukapanda hadi nafasi ya kwanza Desemba hiyo ya 1989, miaka sita baada ya kutolewa. Mimi nililiona tangazo la mwisho la mfululizo huo, Desemba 1992, nikiwa nimeingiza miguu chini ya kotatsu, ile meza fupi yenye kipasha joto na shuka zito. Wimbo ulipoanza mama wa nyumba aliacha kumenya chungwa, ganda likining'inia, na hakuna aliyezungumza hadi ulipokwisha. Mumewe alikuwa amehamishiwa kazi Tokyo tangu Aprili.

Zaidi ya hayo, yapo matangazo ambayo hayakuuza chochote. Baada ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, kampuni nyingi ziliondoa matangazo yao kwa kuona si wakati wake, na nafasi zikajazwa na matangazo ya kijamii ya shirika la AC Japan, likiwemo moja lenye shairi la Kaneko Misuzu, mshairi aliyefariki mwaka 1930, na jingine la katuni za wanyama wanaosalimiana. Yalirudiwa mchana na usiku kwa wiki kadhaa, na hadi leo wapo wasioweza kuyasikia bila moyo kwenda mbio. Wakati huohuo, njia nzima ya reli ya mwendo kasi ya Kyūshū ilikuwa ifunguliwe rasmi tarehe 12 Machi. Tangazo lake lilipigwa tarehe 20 Februari kwa kuwaomba wakazi wa njiani waje kuipungia mkono treni ikipita, nao wakaja maelfu kwa maelfu, wakiwa na mabango, mavazi ya ngoma na mbwa wao. Tangazo hilo lilisitishwa mara baada ya maafa, likabaki kwenye intaneti, na watu waliopoteza kila kitu upande wa pili wa nchi walilitazama wakalia. Nisingependa kuwaambia hao kwamba walikuwa wakililia maneno ya mfanyabiashara.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Wajapani walirusha tangazo la choo wakati wa chakula cha jioni? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Ni kweli. Mwaka 1982 kampuni ya TOTO ilitangaza kiti cha choo kinachosafisha kwa maji, na mwandishi wake alikuwa Nakahata Takashi. Msichana Togawa Jun anaeleza kwa upole kwamba mkono ukichafuka hunawishwa, hakuna anayeufuta kwa karatasi peke yake, kisha anasema kwamba makalio nayo yangependa kuoshwa. Malalamiko yalimiminika, kwa kuwa watu walikuwa mezani. Baadaye yakatulia na chombo kikaenea katika nyumba nyingi. Sisi wa pwani, tuliofundishwa kutumia maji tangu utotoni, hatukuhitaji kushawishiwa, lakini naheshimu ujasiri wa kulisema jambo hilo waziwazi, kwa adabu, ndani ya nusu dakika.

SWALI: Mtu akitaka kuyaona matangazo hayo leo aende wapi? (Wasomaji watatu, Dar es Salaam, Muscat na Nagoya)

JIBU: Aliye Japani aende Ad Museum Tokyo, mtaa wa Shiodome, iliyofunguliwa mwaka 2002 na taasisi inayomkumbuka Yoshida Hideo, aliyekuwa rais wa nne wa kampuni ya matangazo ya Dentsu. Kiingilio ni bure, na unaweza kukaa mbele ya kioo ukachagua tangazo la muongo unaoutaka. Wengine tutategemea mikusanyo iliyopo mtandaoni, ambayo mara nyingi imetoka kwenye kanda za video za nyumbani: mtu alirekodi filamu, matangazo yakaingia bila kukusudiwa, na sasa hayo ndiyo yanayotafutwa.

Mengi ya miaka ya 1950 hayatapatikana popote, kwa sababu yalifanywa moja kwa moja studioni, mtangazaji akishika bidhaa mkononi mbele ya kamera, na hakuna kilichorekodiwa. Yamebaki kwa waliokuwa wakitazama. Kwa hiyo wewe wa Nagoya, kabla hujapanda treni kwenda Shiodome, mwombe bibi ruhusa uweke simu yako kando ya karo, umrekodi akiimba wimbo wa mti. Usimwambie afunge bomba. Sauti ya maji na ya sahani ziache ziingie.